Cha juu cha milioni 45: uchambuzi wa kisa cha mauzo ya nyumba Dar es Salaam

Kisa hiki ni cha kweli kwa mtiririko wake. Majina, mtaa, mwaka, benki na kampuni ya uthamini vimeondolewa, na baadhi ya namba zimesawazishwa ili wahusika wasitambulike. Mimi niliingia mwishoni, nilipoombwa kufanya uthamini wa pili. Nimekiandika kwa ajili ya madalali na wathamini wanaoanza kazi, kwa sababu hakuna aliyeingia humu akiwa na nia ya kumwibia mjane. Walifanya yale ambayo mjini hapa huitwa biashara ya kawaida, na biashara hiyo ya kawaida nusura imtoe mama mtu mzima kwenye nyumba yake kwa bei ambayo si yake.

Usuli

Muuzaji ni mjane, tumwite Mama M. Nyumba iko upande wa magharibi wa jiji, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Barabara ya Morogoro. Kiwanja kimepimwa, kina mita za mraba 600 na hati. Nyumba ina vyumba vitatu, kimoja masta, imejengwa kwa tofali za saruji na kuezekwa kwa mabati, na ina umri wa miaka 20 hivi. Mume wake alipofariki, Mama M. aliteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi. Kulikuwa na madeni ya matibabu, na watoto walikuwa wanasubiri mgao. Kuuza kulikuwa ni lazima.

Dalali, tumwite D, anajulikana mtaani. Kijiwe chake kiko karibu na kituo cha bodaboda, na ndiye aliyewapangisha nusu ya wapangaji wa barabara ile. Ni mtu mwenye adabu, anamsalimia Mama M. shikamoo kila asubuhi. Hakukuwa na mkataba wa maandishi kati yao, wala hakuna aliyefikiria kuuandika.

Wanunuzi ni mume na mke, wote waajiriwa. Walikuwa na akiba ya shilingi milioni 35 na walitegemea mkopo wa nyumba wa benki kwa kiasi kilichobaki. Benki ilikuwa tayari kukopesha asilimia 80 ya bei ya ununuzi au ya thamani ya soko, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Mthamini, tumwite T, alikuwa kijana katika kampuni iliyokuwa kwenye orodha ya wathamini wa benki hiyo.

Yaliyotokea

Mama M. alimwita D nyumbani akamuuliza nyumba kama hii inaweza kwenda kwa bei gani. D alizunguka, akagonga ukuta mahali mahali, akatazama juu kwenye dari ya sebule ambako maji ya mvua yaliacha doa, akasema: "Mama yangu, soko limelala. Nyumba za huku zinakaa hata mwaka. Ukipata mia thelathini, shukuru Mungu." Mama M. akakubali. Akaongeza maneno ambayo wauzaji wengi wa Dar es Salaam huyasema bila kuyafikiria mara mbili: "Basi mimi nataka milioni 130 mkononi mwangu. Kitakachozidi ni chako."

Alipoulizwa baadaye alidhani kitazidi kiasi gani, alisema milioni tatu, nne, pengine tano.

D alisambaza picha kwenye makundi ya WhatsApp ya madalali kwa bei ya milioni 185, maongezi yapo. Dalali wa pili akampelekea wa tatu, na wa tatu ndiye aliyewaleta wanunuzi. Walivutana mpaka wakafikia milioni 175. Kwa hiyo cha juu, yaani kinachozidi bei aliyoitaka muuzaji, kilikuwa milioni 45, cha kugawana watu watatu.

Wanunuzi walifika nyumbani kwa Mama M. zaidi ya mara moja. Aliwakaribisha sebuleni, akawapa soda, wakaongea habari za maji ya Dawasa na shule za karibu. Bei haikutajwa hata siku moja. D alikuwa amemwambia kila upande, kwa wakati wake, kwamba kuongea bei ana kwa ana kunaharibu biashara. Wanunuzi waliambiwa mama ni mzee, ana presha, msimsumbue. Mama M. aliambiwa wanunuzi ni wajanja, wakimpata peke yake watamshusha.

Sasa ikabaki namna ya kuitoa ile milioni 45. Benki ingemlipa Mama M. moja kwa moja kwenye akaunti, milioni 140. Milioni 35 za wanunuzi zingepitia kwa D kama malipo ya awali "nimfikishie mama". Na milioni 10 za ziada kwenye akaunti ya Mama M. zingetolewa kama gharama za benki, za wakili na za uhamisho. Wanunuzi walianza kwa kumkabidhi D milioni 20 taslimu. Kwa kuwa benki ilitaka ushahidi kwamba muuzaji amepokea, D alimpelekea Mama M. karatasi ya kusaini, akamwambia ni ya benki. Akasaini. Miwani yake ilikuwa chumbani.

Upande wa uthamini, T alikwenda, akapima, akapiga picha, akarudi ofisini. Hesabu yake ya kwanza, ambayo ilibaki kwenye jalada, ilikuwa hivi. Ardhi: mita za mraba 600 kwa shilingi 80,000, yaani milioni 48. Jengo: mita za mraba 125 kwa gharama ya kujenga upya ya shilingi 950,000 kwa mita, yaani milioni 118.75, ukiondoa uchakavu wa asilimia 20 inabaki milioni 95. Ukuta, geti, tanki la maji na sakafu ya nje: milioni 7. Jumla milioni 150.

Jioni ile simu zilikuwa mbili. Ya kwanza ya afisa mikopo wa benki: faili limekaa, mwezi unaisha, tunasubiri namba. Ya pili ya D, ambaye mara nyingi ndiye aliyeielekeza kampuni ya T kwa wateja wanaohitaji uthamini: "Kiongozi, ikigusa 175 tu, tumemaliza. Kuna nyingine mbili zinakuja kwako wiki ijayo."

Ripoti iliyokwenda benki ilikuwa na ardhi kwa shilingi 100,000 kwa mita, milioni 60. Uchakavu ulishuka kuwa asilimia 10, jengo likawa milioni 106.875. Kazi za nje zikapanda kuwa milioni 9. Jumla milioni 175.875, ikakadiriwa kuwa milioni 176. Hakuna mtu aliyerudi kuiona nyumba kati ya hesabu hizo mbili.

Kila kitu kilikuwa kinakwenda mpaka siku ya kusaini. Wakili aliyeandaa mkataba alikuwa na utaratibu wake: huusoma mkataba wote kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya pande zote, kabla ya kalamu kutoka mfukoni. Alipofika kipengele cha bei akasoma: shilingi milioni mia moja sabini na tano.

"Samahani mwanangu," Mama M. akasema, "hapo umekosea. Ni mia thelathini."

Wanunuzi wakatazamana. D akaomba atoke nje apokee simu.

Maamuzi na sababu zake

Wakili alifunga jalada. Sababu aliyoitoa ilikuwa fupi: hawezi kushuhudia saini ya mtu kwenye bei ambayo mtu huyo haijui. D aliporudi alikuja na pendekezo: iandikwe mikataba miwili, mmoja wa milioni 130 kwa ajili ya uhamisho na kodi, mwingine wa milioni 175 kwa ajili ya benki. Alilitoa kama msaada, kila mtu apate chake. Wakili alikataa, akawaeleza wote kwamba ushuru wa stempu hutozwa kwa asilimia 1 ya thamani ya mauzo, na kuandika bei mbili ni kuidanganya serikali kwa karatasi moja na benki kwa nyingine, huku saini zote mbili zikiwa za Mama M.

Binti wa Mama M. akaingia kwenye suala hili siku hiyo hiyo kwa mara ya kwanza. Yeye ndiye aliyetaka uthamini huru kabla ya mazungumzo yoyote, na ndivyo nilivyofika. Sikuoneshwa ripoti ya T mpaka nilipomaliza yangu, na niliomba iwe hivyo. Niliiweka thamani ya soko kwenye milioni 150. Dari ya sebule ilikuwa imeoza pembeni, kenchi mbili zilikuwa zimeliwa na mchwa, na kulikuwa na ufa kwenye kona ya chumba cha nyuma unaopita kidole. Uchakavu wa asilimia 10 haukuwa na mahali pa kusimama.

Benki nayo iliomba maelezo. Mkuu wa kampuni ya T alifungua jalada, akaziona hesabu mbili, akaiondoa ripoti kwa barua. Uamuzi huo ulikuwa mgumu kibiashara na ulikuwa sahihi.

Familia ilijadili kwenda polisi au Takukuru. Mama M. alikataa. Alitaka nyumba iuzwe, madeni yaishe, na D arudishe fedha za watu. Wakaketi mezani, wakili akiwa katikati.

Matokeo

Nyumba iliuzwa kwa milioni 155. Wanunuzi walikubali kutoa milioni 5 juu ya thamani kwa sababu waliipenda na shule ilikuwa karibu, na walifanya hivyo wakijua. Benki ilikopesha milioni 120. Kati ya milioni 20 alizochukua, D alirudisha 14, kwa awamu. Sita zilikuwa zimeshagawanywa kwa wenzake na kuliwa. Ikaandikwa kwamba hizo sita ni kamisheni yake kwa mauzo hayo, imelipwa na Mama M. kupitia kwa wanunuzi. Mama M. alipokea milioni 149.

Ukilinganisha na mpango wa awali, muuzaji alipata milioni 19 zaidi na mnunuzi akalipa milioni 20 pungufu. Lakini kuchelewa kulikuwa na bei yake. Kiwanja cha Chanika ambacho Mama M. alikuwa amekiwekea nia ya kujenga kiliuzwa kwa mtu mwingine wakati fedha zinasubiriwa, na kwa miezi kadhaa alihamia kwa binti yake. Benki ilisitisha kwa muda kuipa kazi kampuni ya T. T mwenyewe alionywa ndani ya ofisi, suala likaishia hapo.

Uchambuzi: ruhusa aliyoitoa Mama M.

Madalali niliowasimulia kisa hiki hujibu haraka: mama mwenyewe alisema kitakachozidi ni chako. Ni hoja nzito na haistahili kupuuzwa. Kama mwenye mali ameridhika na 130, dalali aliyepata 175 kwa jasho lake amemdhulumu nani?

Jibu liko kwenye swali jingine: ile 130 ilitoka wapi? Ilitoka kwa D. Mama M. alimwomba ushauri mtu ambaye kila shilingi aliyoishusha kwenye ushauri ilikuwa inaingia mfukoni mwake. Ruhusa iliyotolewa juu ya bei iliyopangwa na anayefaidika na ruhusa hiyo haina uzito wowote. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka wakala atoe hesabu kwa aliyemtuma, na inampa aliyemtuma haki ya kudai faida ambayo wakala ameipata kwa kujifanyia biashara ndani ya biashara ya mwenzake bila kumjulisha. Dalali wa nyumba ni wakala. Kijiwe hakimwondolei wajibu huo.

Wakati kisa hiki kinatokea hakukuwa na sheria mahsusi inayosimamia madalali wa nyumba. Dalali wa mnada ana Sheria ya Madalali wa Mnada, Sura ya 227, na leseni yake. Wa nyumba alihitaji simu na viatu tu. Pengo hilo ni kubwa, lakini si kweli kwamba aliyesimama ndani yake hana sheria inayomgusa.

Tazama pia jinsi cha juu kilivyoendelea kudai. Kwanza kilidai ukimya tu: pande mbili zisiongee bei. Kisha kikadai hadithi ya presha ya mama. Halafu kikadai gharama hewa za milioni 10. Kisha karatasi ya kupokea fedha ambazo mama hakuzipokea. Mwisho, mikataba miwili. Sidhani kwamba D aliyapanga yote haya siku ile alipogonga ukuta. Kila hatua ililazimishwa na iliyotangulia, kwa sababu fedha iliyofichwa ndani ya bei lazima itolewe mahali fulani, na njia zote za kuitolea zina uongo. Kwenye upangaji kila mtu anajua kwamba dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja. Inauma, lakini iko wazi, na ndiyo sababu haizai mlolongo kama huu.

Uchambuzi: namba ya T

Hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu ni taaluma yangu. Mthamini, tofauti na dalali, ana sheria kamili: Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini, Na. 7 ya 2016, yenye Bodi ya usajili na mamlaka ya nidhamu. T hawezi kusema hakujua.

Atakachosema, na alikisema, ni kwamba kila badiliko linatetewa. Kuna viwanja vya shilingi 100,000 kwa mita karibu na pale. Kweli, vipo, kando ya lami. Uchakavu ni maoni ya mthamini. Kweli pia. Lakini mabadiliko matatu yalikwenda upande mmoja, jioni moja, baada ya simu, yakatua karibu kabisa na bei iliyotajwa kwenye simu. Nawafundisha vijana swali hili: kati ya namba yako ya kwanza na ya pili, ni ushahidi gani mpya ulioingia? Kama ni kiwanja linganishi ambacho hukukijua, badilisha na uandike sababu. Kama ni sauti ya mtu tu, rudi kwenye namba ya kwanza.

T alidhani akiandika 150 ataua biashara. Asingeua. Wanunuzi wangekuwa huru kulipa 175 kama wangetaka, kwa kuongeza fedha zao. Thamani ya soko haimkatazi mtu kulipa zaidi, inamwambia tu kwamba analipa zaidi. Hilo tu ndilo walilohitaji kujua, na ndilo walilonyimwa na mtu waliyemlipa.

Na hasara isingeishia kwenye bei. Chukua mkopo wa milioni 140 juu ya nyumba ya milioni 150. Mkopaji akishindwa kulipa, benki ina haki ya kuuza, na kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, kinaitaka itafute bei bora inayopatikana. Bei ikiwa chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba benki imekiuka wajibu wake, mpaka ithibitishe vinginevyo. Kwa nyumba ya milioni 150, mstari huo uko kwenye milioni 112.5. Maana yake nyumba ingeweza kuuzwa kwa milioni 115, dhana hiyo isiiguse benki, na mume na mke wale wakabaki hawana nyumba na bado wana deni. Ripoti ya T ndiyo ingewaweka hapo.

Ahadi ya "nyingine mbili zinakuja kwako" nayo isichukuliwe kirahisi. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 hakiishii kwa watumishi wa umma. Kinamgusa pia wakala anayepewa au kuahidiwa chochote ili apindishe shughuli za aliyemtuma. Kazi ya wiki ijayo inaweza kuwa ahadi ya namna hiyo.

Ninaamini pia kampuni ilikosea kulimalizia suala la T ndani. Kuondoa ripoti kulikuwa sahihi, lakini Bodi ilipaswa kuambiwa. Onyo la ofisini linabaki ofisini. Kesho T anahamia kampuni nyingine na jalada lake safi. Halafu yule afisa mikopo aliyekuwa anasubiri namba hakuulizwa na mtu yeyote. Benki inayomlipa mfanyakazi wake kwa wingi wa mikopo, kisha ikamwachia simu ya mthamini, imeitafuta ripoti kama ile.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Mkataba kusomwa kwa sauti. Hakuna kingine kilichokinasa kisa hiki. Mawakili wengi huwasukumia watu karatasi ya Kiingereza yenye alama ya kalamu pale pa kusaini. Huyu alisoma, kwa lugha ya Mama M., na alipokatizwa hakuendelea.

Uthamini wa pili uliofanywa bila kuiona namba ya kwanza nao ulisaidia, kwa sababu mezani hapakuwa na ubishi wa nani anampendelea nani. Laiti ungefanywa mwanzo! Gharama yake ilikuwa ndogo sana mbele ya milioni 19, na ingempa Mama M. bei yake mwenyewe kabla D hajagonga ukuta. Watoto nao wangeshirikishwa mapema. Walikuwa warithi, na hakuna aliyewauliza.

Fedha za malipo ya awali kukaa kwa dalali ni jambo ambalo ningelikataza kabisa. Ziende kwenye akaunti ya muuzaji, au zikae kwa wakili mpaka masharti yatimie. Na makubaliano na dalali yaandikwe hata kwenye ukurasa mmoja: bei ya kutangazia na nani aliipendekeza, kamisheni kwa asilimia na nani anailipa, na kwamba kila bei atakayotajiwa na mteja lazima imfikie mwenye nyumba.

Tunalobishania bado

Kijana mkubwa wa Mama M. haafiki zile milioni sita. Kisheria ana hoja: wakala aliyefanya utovu katika shughuli aliyotumwa hupoteza haki ya malipo kwa sehemu hiyo ya kazi. Mama M. anasema D alitembea juani na wateja na mwisho nyumba imeuzwa, hawezi kusema hakufanya kazi. Wakili yuko upande wa kijana. Mimi niko upande wa mama, kwa sababu moja: sita zile zilitajwa mbele ya wote na kuandikwa kwa jina lake, na laiti D angeomba kiasi hicho hicho siku ya kwanza, Mama M. angempa bila kusita.